Nimepangua mawe ya aquarium

Alhamisi, Butembo. Mvua ya manyunyu tangu alfajiri, ile isiyonyesha wala kukatika, na baridi ya milima yetu imeingia mpaka ndani ya viatu.

Shajara, leo ameniuma tena.

Kidole cha shahada, mkono wa kulia, pale pale aliponiuma Jumapili. Aliyeniuma ana urefu wa kidole hicho hicho. Ni samaki. Nimemlisha miaka miwili, namkinga na baridi ya Butembo kuliko ninavyojikinga mwenyewe, na kila nikiingiza mkono kumsafishia kioo ananirukia kana kwamba mimi ndiye mwizi. Kwa Kifaransa wanamwita poisson-clown, samaki mchekeshaji, kwa sababu ya ile rangi ya chungwa na mikanda mitatu myeupe. Aliyempa jina hilo hakuwahi kukaa naye nyumba moja.

Mimi sicheki. Nina hasira tangu asubuhi, nina hasira sasa hivi ninapoandika, na nataka kuiandika yote kabla batri ya panneau ya jua haijaisha.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: naitwa Masika. Nina duka la vigae, masinki na robine za maji hapa mjini, ni mjane, na nina nyumba yangu. Mwaka ule mume wangu Paluku alipofariki nilikwenda Dubai kuchukua mzigo, na kwenye hoteli tunayolala wafanyabiashara niliona aquarium ya maji ya bahari. Kwetu samaki ni tilapia wa ziwani Kyavinyonge, amelala kwenye kikapu anakutazama kwa jicho moja. Hawa walikuwa hai, wanapita katikati ya matumbawe, na matumbawe yenyewe yalikuwa yanapumua. Nilikaa mbele ya kioo kile mpaka wenzangu wakaniacha. Ilikuwa nusu saa ya kwanza tangu mazishi ambayo sikumfikiria Paluku.

Basi nikaitaka. Na mimi nikitaka kitu, nakitaka kweli.

Kioo kilitengenezwa hapa hapa. Mawe, matumbawe na samaki vilitoka Mombasa kwa mzee mmoja anaitwa Athumani, vikapita Kampala, vikaingilia mpaka wa Kasindi. Hata chumvi inatoka huko, ndoo nzima ya chumvi ya bahari, kwa sababu chumvi ya jikoni inawaua. Afande wa mpakani alifungua ndoo, akachovya kidole, akaonja, akaniangalia kwa huruma.

"Mama, Katwe iko pale ngambo tu, chumvi imejaa. Na weye unabeba chumvi ya Mombasa? Kichwa iko muzima?"

Kicheko cha siku hiyo kilifika Butembo kabla yangu. Mpaka leo sokoni wananiita Mama Bahari.

Huyu anayeuma ni jike. Mimi nimesoma kwa masista, nikamwita Mère Supérieure, mkuu wa masista, kwa vile anavyopita kukagua kila kona na ile mikanda yake myeupe. Dume lake ni dogo, linamfuata nyuma kwa adabu, hilo nikaliita Sacristain, mtumishi wa sakristia. Wawili hao wamejichukulia tumbawe moja laini lenye vidole vidole, upande wa kushoto, na kulala wanalala humo humo. Hapo mwanzo Mère Supérieure alikuwa analinda lile tumbawe tu. Halafu akalinda jiwe la karibu. Halafu nusu ya aquarium. Sasa anaona yote ni yake, maji, mawe, kioo, na mkono wangu.

Juma mbili zilizopita nilimletea mwenzake. Kasamaki kadogo ka manjano, kapole, kasikodai chochote isipokuwa tundu la kuingiza mkia. Siku ya kwanza alikakimbiza mpaka kakajibana kwenye kona, chini ya bomba la pampu, maji yanakapiga usoni. Siku ya tatu mapezi yalikuwa yamechanika. Chakula nikimwaga, yeye anakula, Sacristain anakula, kale ka manjano kanaangalia.

Nilimtumia Mzee Athumani video, naye akanijibu kwa sauti, kile Kiswahili chake cha pwani kisicho na haraka: "Dada, jike huyo hana kichaa, ana makazi. Toa mawe yote, uyapange upya, asijue tena kushoto wala kulia. Kisha umtoe yeye, si yule mgeni. Mweke kwenye kitu chenye matundu, humo humo majini, siku tano. Akirudi, yeye ndiye atakuwa mgeni."

Nilisikiliza mara mbili, nikasonya.

Nani amewahi kumtoa mwenye nyumba? Nilichukua passoire yangu ya kuchujia mboga, nikaifunga kamba, nikaitundika majini, na nikamtia humo yule wa manjano. Mgeni ndiye niliyemfunga. Ilikuwa rahisi zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalizunguka tangu nianze kuandika.

Nyumbani kwangu yuko Kahindo, mke wa mdogo wangu Kasereka. Ana binti wawili, Neema wa miaka sita na mchanga bado wa mgongoni. Walikuwa wanalima kakao upande wa Beni. Juma tatu zilizopita watu wenye bunduki na mapanga waliingia kijijini kwao saa za kutoka shamba. Majina yao siyaandiki. Kila mtu ana jina lake la kuwaita na hakuna linalowatosha. Kahindo alitembea na watoto mpaka Beni mjini, akapandishwa kwenye pickup, akanifikia hapa na godoro moja, watoto wawili, na kifundo cha kitambaa alichokibana kwapani na ambacho hakukiachilia hata alipokuwa anakunywa chai. Kasereka alibaki Beni. Analala kwa rafiki, na siku zikitulia anajaribu kufika shambani kuvuna kakao kabla haijaozea mtini.

Usiku wa kwanza nilikuwa mtu. Niliwachemshia maji ya kuoga, nikawapa mablanketi ya Paluku, nikalia nao.

Siku ya nne nilianza kuhesabu vijiko.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema kwa padri bila kujitetea. Kahindo hana kosa. Ni mtu wa shamba, anaamka kabla ya jogoo, anafagia, na akishafagia anapanga. Na akipanga, vitu vyangu sivipati. Mwiko wangu una msumari wake, karibu na mlango, tangu nijenge jiko lile. Yeye anautundika kwenye msumari wa dirishani. Naurudisha. Anaurudisha. Tulifanya hivyo siku nne bila kuambiana neno, wanawake wawili wazima na mwiko mmoja.

Siku ya tano nilinunua mbabula mpya, ile ya bati ya makaa, na sufuria moja ndogo, nikaviweka kwenye baraza ya nyuma. Nikamwambia awe anapikia watoto hapo, awe huru, asinisubiri mimi nikitoka dukani.

Uhuru! Nilikuwa namfukuza jikoni kwangu, nikapamba maneno.

Akanishukuru kwa Kinande kama dada yake mkubwa, "Wasingya, yaya." Akaipuliza mbabula ikawaka.

Najua kwa nini niko hivi. Paluku alipozikwa, shemeji zangu walikuja na mita. Nikiwa bado kwenye mkeka wa msiba, walipima sebule, wakapima uwanja, wakabishana nani atachukua upande wa barabara. Nyumba hii niliing'ang'ania kwa meno. Ndivyo ninavyowasimulia watu siku zote, na nikisimulia naonyesha meno. Tangu siku ile mtu akisogeza kiti changu naona mita.

Lakini Kahindo hakuja na mita.

Hasira yangu ilikuwa na anwani yake. Ilitakiwa iende kwa wale wenye mapanga, na kwa wakubwa wote wanaokaa kwenye viti laini kutuambia hali ni shwari, huku barabara ya Beni inajaa magodoro vichwani. Nina hasira nao. Ila hao hawako sebuleni kwangu, siwezi kuwafokea. Aliyekuwepo ni Kahindo.

Jumanne nilirudi dukani saa tisa. Nikaingia, nikaangalia kioo kama kawaida yangu kabla hata sijavua kitambaa cha kichwa, nikaona maji meupe kama ya kuoshea mchele. Matumbawe yote yalikuwa yamejifunga. Konokono wawili walikuwa chini, migongo chini, wamekufa. Mère Supérieure alikuwa amejichimbia kwenye tumbawe lake, kwa mara ya kwanza haumi mtu. Na Kahindo alikuwa amesimama pembeni na kile kitambaa chake mkononi, kimefunguliwa, kitupu, akitabasamu kidogo kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Alikuwa ametia chumvi. Ya Katwe, ile ya kijivu. Maji yalikuwa yamepungua kwa ajili ya joto la résistance, kile chuma cha kupashia maji, ameona yamepungua, na amesikia mara mia kwamba samaki hawa ni wa maji ya chumvi. Maji yanapungua, chumvi haipungui, unaongeza maji matupu. Hilo nalijua mimi. Yeye angelijulia wapi?

Sikuuliza. Nilifungua mdomo.

Nilisema maneno mengi na sitayarudia yote. La mwisho nalirudia, kwa sababu ndilo lililokaa. Nilisema: "Kama kukaa kwa watu kumekushinda, rudi kwenu Beni!"

Neema alikuwa mlangoni. Alisikia.

Kahindo alikunja kitambaa chake mara nne, akasema, "Sawa, yaya," akatoka kwenda kwenye baraza yake. Mimi nilibadilisha maji mpaka jioni, ndoo kwa ndoo, na nilijiona nimeonewa.

Jana hatukusemeshana. Alifua kila kitu, hata mapazia yangu. Nikafikiri anajipendekeza. Mtu akikasirika hata wema anauona ni hila.

Leo asubuhi ndipo nilipoumwa. Nilikuwa nampelekea yule wa manjano chakula chake kwenye passoire, Mère Supérieure akatoka kwenye tumbawe lake, akaja moja kwa moja, akadaka kidole. Maji yameshatulia, na yeye amerudia ukubwa wake. Nilimtukana kwa Kinande, Kiswahili na Kifaransa, nikaenda dukani na kidole kimefungwa.

Saa nne Kasereka akapiga simu.

"Yaya, Kahindo ananiambia kesho asubui anashuka Beni. Kuko nini huko?"

"Hapana kitu."

"Yaya. Jana tu tumesikia masasi huku. Batu banatoka, na yeye anarudi na batoto? Ulimuambia nini?"

Nikasema réseau ya simu ni mbaya, nikakata. Réseau ilikuwa nzuri kabisa.

Nilikaa kwenye katoni ya vigae. Mteja aliingia akauliza sinki, nikamwambia hakuna, na masinki yote yalikuwa nyuma yangu yanamtazama. Mwanamke yule anarudi kwenye risasi na watoto wawili kwa sababu mimi nilimwonyesha njia. Wauaji walimtoa Beni, na mimi ninamrudisha. Nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijafanya tangu msiba wa Paluku.

Nilimkuta kwenye baraza ya nyuma, mvua inarushia miguu yake, maharage yako kwenye mbabula. Ndani, mlangoni, godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Mtoto alikuwa amelala juu yake.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Nikafungua mdomo, kikatoka kitu kingine, kwa ukali ule ule.

"Ile chumvi uliitoa wapi?"

Hakuinua macho. "Nilitoka nayo nyumbani. Yaya, samahani ya samaki. Miye nilizania bahari ni chumvi tu."

"Batu banakimbia mapanga, na weye unabeba chumvi?"

"Nilikuwa nimeshatoka. Nikarudi kuitwaa." Akakoroga maharage. "Mama yangu alitufundishaka: mwanamuke hapana ingia kuishi mu nyumba ya mwenzake mukono mutupu. Unatia chumvi yako mu nyungu ya mwenye nyumba, donc munakuwa batu ba nyungu moja. Nikangojea unipe nafasi mu nyungu yako. Weye ukanipatia mbabula."

Nikaitazama ile mbabula.

"Juma tatu niko nayo tu mu kitambaa," akasema. "Jumanne nikaona ile maji ya samaki. Mu hii nyumba yote, ni yeye tu angekubali chumvi yangu."

Niliketi. Baraza ilikuwa imelowa, nikaketi hivyo hivyo na liputa yangu, kitenge ninachovaa dukani.

Kwa sababu ninaijua hiyo chumvi. Nilisahau, au nilijisahaulisha, lakini ninaijua. Mimi mwenyewe, bibi harusi, nimeolewa Lubero kwenye nyumba ya watu nisiowajua, mama mkwe wangu alinifungulia sufuria yake ya maharage, nami nikatia chumvi niliyopewa na mama yangu. Nusu ikaanguka kwenye makaa ikalia. Akakoroga, akaonja, akasema wasingya.

Na sasa niseme lile ambalo sijawahi kuliandika hapa wala popote.

Nyumba hii sikuing'ang'ania kwa meno. Siku ile ya mita mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka, sina hata nguvu ya kuinua kichwa. Aliyesimama mlangoni ni mama mkwe wangu, kizee cha fimbo, mbele ya watoto wake aliowazaa mwenyewe. Aliwaambia: "Huyu, chumvi yake nimeikula. Kunjeni mita yenu." Wakaikunja. Miaka yote hii nimejisifu kwa vita ambayo sikuipigana. Yule bibi amekufa, hawezi kunikosoa.

Ninakaa ndani ya nyumba niliyopewa na chumvi, na nimemfungia nje mwenye chumvi.

Hapo hasira yangu ikageuka, ikanijia mwenyewe. Haikupungua hata kidogo.

Msamaha bado ulikuwa umenikwama. Mimi ni mtu wa mikono. Nikaingia sebuleni, nikakunja mikono ya nguo mpaka kwenye kwapa, nikazima pampu, nikaanza kutoa mawe. Moja moja. Mère Supérieure alinishambulia kwenye kifundo cha mkono, kwenye kiganja, katikati ya vidole. Nilimwacha aume. Maji yakachafuka, mawe yanachuruzika kwenye vigae vyangu vya Dubai, na sikuwa na mahali pa kuyaweka.

Bassin, beseni kubwa la kufulia, ikasogezwa karibu na mguu wangu. Kahindo. Alishika bassin, mimi nikapakia, akaleta ya pili, akatia humo maji yale yale ya aquarium kama alivyoniona nikifanya siku zote, mawe yasikauke. Kumbe alikuwa anaangalia. Juma tatu anaangalia kila ninachofanya ili asikosee, na alipokosea mara moja nikamwonyesha Beni.

Mawe yalipokwisha, Mère Supérieure hakuwa na kushoto wala kulia. Alisimama katikati ya maji, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Nikamtoa yule wa manjano kwenye passoire, nikamtia yeye. Alizunguka, akagonga matundu, akazunguka. Sacristain alibaki nje, haelewi amfuate nani.

Kahindo aliinama akamwangalia kwa karibu.

"Huyu mama iko mukali," akasema.

"Sana."

"Anaogopa nini?"

Nikasema sijui. Nilikuwa najua.

Tukarudisha mawe. Nilimwambia aweke anavyotaka, akaweka lile kubwa katikati, mahali ambapo mimi nisingeliweka hata kwa kulipwa. Tumbawe lenye vidole likaenda kulia. Yule wa manjano alitembea kwenye kila tundu jipya kama mtu anayeonyeshwa vyumba, halafu akaingia kwenye moja na kubaki humo, kichwa nje.

Nikatoka kwenye mvua bila mwavuli mpaka kwa mama wa kona anayeuza vitu vya jikoni. Nikasema nataka chumvi. Akanipa ya pakiti. Nikasema hapana, ya Katwe. Akanipimia kwa kikopo, ananiangalia, maana Mama Bahari mwenye chumvi ya Mombasa amekuja kununua ya Katwe akiwa amelowa chapa.

Sikupitia mlango wa mbele. Nilizunguka nyumba yangu mwenyewe mpaka kwenye baraza ya nyuma, nikasimama kwenye matone, nikasema hodi.

Kahindo aligeuka. Aliona mkono uliofumba.

Sijui nilikuwa na sura gani. Najua nilisema, "Kahindo, nilikutukana. Nimekuja na mukono hapana mutupu. Unifungulie nyungu." Niliongea vibaya, sauti ilikuwa bado na ukali, sina sauti nyingine. Lakini nilisema.

Akaliangalia godoro lake lililofungwa kamba mlangoni. Niliogopa. Mtu aliyefukuzwa ana haki ya kukuacha ulowe.

Akafunua sufuria.

Nikatia. Yote, nilikuwa sijui kipimo, kama siku ile ya Lubero. Akakoroga, akaonja kwenye kiganja, akafumba macho.

"Yaya," akasema, "nilikuwa nimeshaitia."

Tulikula ndani, kwenye meza yangu, sufuria ile ndogo katikati. Maharage hayakulika. Tuliyala. Neema alikunywa vikombe vitatu vya maji na kuuliza kama sasa sisi ni samaki. Mama yake alicheka, na mimi nikacheka na machozi, na naomba mtu asiniambie ni machozi ya nini.

Nilimpigia Kasereka. Nilimwambia réseau ilikuwa nzuri asubuhi. Akasema, "Nilijua, yaya." Halafu akaomba apewe mkewe, nikampa simu nikaenda kuangalia passoire.

Mère Supérieure bado amekasirika. Nikisogeza kidole kwenye matundu anakirukia. Siku tano, amesema Mzee Athumani. Sina hakika kama siku tano zinanitosha mimi. Hasira haijaondoka. Bado nina hasira na wenye mapanga, na barabara, na wale wa viti laini. Safari hii naijua anwani, basi nitaiweka mpaka siku nitakapowapata wenyewe. Ndani ya nyumba hii haina kazi.

Sikumuuliza Kahindo kama kesho anaondoka. Niliogopa jibu. Godoro lilikuwa bado mlangoni na kamba zake nilipoketi kuandika, na pickup ya Beni inatoka saa kumi na mbili.

Nimeinuka sasa hivi kuchukua maji. Jikoni kwangu, kwenye jiko langu, ile mbabula imeoshwa na kuwekwa juu chini. Sufuria ndogo imeingia ndani ya ile kubwa. Kamba ya godoro imefungwa pale kutoka ukuta hadi ukuta, imeanikwa nguo za mtoto.

Na mwiko uko kwenye msumari wa dirishani.

Mkono wangu ulienda wenyewe. Nimeurudisha mfukoni, na kidole chake kilichofungwa. Mwiko umebaki pale.